Kabla ya Kupakia Godoro



Kila inapokaribia Oktoba, ofisi yetu ya parokia hapa Sengerema hupata wageni wa namna moja. Mzazi huingia na kijana wake kuomba barua ya utambulisho, na kabla wino wa mhuri haujakauka hutuambia kwa furaha iliyochanganyika na hofu: “Baba Paroko, mtoto amepata chuo, anakwenda kupanga na wenzake.” Mara nyingi chumba chenyewe kiko Malimbe au Nyegezi, jirani na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT. Vijana wenyewe hukiita geto.

Tukiuliza maandalizi yamefikia wapi, tunahesabiwa vitu: godoro, ndoo mbili, beseni, jiko la gesi la mtungi mdogo, pasi, gunia la mchele, michembe na dagaa wa kutosha. Hatuvidharau, tunajua ni mbuzi wangapi waliouzwa ili vipatikane. Lakini tukiuliza nani atakayeshika fedha ya kodi, mzazi humtazama kijana, na kijana huitazama sakafu.

Tuungame kosa letu kwanza. Miaka kadhaa iliyopita, vijana watatu waliokuwa watumishi wa altare walikuja kutuaga, nasi tuliwahimiza wapange pamoja. Mmoja aliuliza kama haingefaa waandikiane jambo fulani kuhusu fedha. Tulicheka, tukamwambia kwamba ninyi ni ndugu wa altare moja, karatasi ya nini tena? Wakampa mkubwa wao fedha ya kodi aishike. Katikati ya muhula mama yake akaugua, naye akaituma fedha yote nyumbani kwa matibabu, asimwambie mtu kwa sababu ya aibu. Wenzake walijua siku walipokuta kufuli geni mlangoni, vitabu na nguo zikiwa ndani, nao wakiwa katika juma la mitihani.

Tulipowaketisha baadaye hatukumpata mwizi. Tulimpata mtoto aliyemwokoa mama yake, na wenzake wawili waliolala sakafuni kwa watu siku tisa. Wote watatu walikuwa na haki ya kulia. Kosa lake, kwa maoni yetu, lilikuwa kunyamaza zaidi ya kutuma fedha. Na ukimya huo sisi tuliupalilia, kwa kuwafundisha kwamba kati ya marafiki wema mambo ya fedha hayasemwi. Mama alipona. Urafiki wao haujapona mpaka leo.

Kwa hiyo hatukubaliani na wazazi wanaosema kwamba dawa ni kumpangia kila mtoto chumba chake. Wachache wanaweza, na hata kwao si lazima iwe heri: kijana aliye peke yake anaweza kuumwa siku mbili bila mtu kubisha hodi. Wala hatukubaliani na wanaosema kwamba wakiwa watoto wa kanisa inatosha. Mtakatifu Augustino mwenyewe anasimulia katika Maungamo yake kwamba alipokuwa Milano, kabla ya ubatizo wake, yeye na rafiki zake wapatao kumi walipanga kuishi pamoja na kuweka mali zao katika mfuko mmoja, wawili wakisimamia matumizi kila mwaka. Mpango ulikuwa mzuri, hata zamu za uongozi zilikuwamo. Ukavunjika walipofika kwenye swali moja ambalo hawakuwa wameliuliza: wake zao watakubali? Baadaye, akiisha kubatizwa mwaka 387, aliishi kweli na ndugu katika jumuiya, na katika Kanuni yake akagusa jambo lile lile linalogombanisha wapangaji wetu, yaani kwamba mmoja anatoka kwenye nyumba yenye nacho na mwingine kwenye nyumba isiyo nacho.

Hilo ndilo gumu kuliko yote. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mpigo, na dalali naye anasubiri chake. Katika chumba kimoja yupo anayepata mkopo wa Bodi ya Mikopo, akingojea fedha ya kujikimu wanayoiita bumu. Yupo aliyekosa, anayemtegemea baba mvuvi au mama wa genge. Bumu ikichelewa, wa kwanza anakopa akijua atalipa. Wa pili anakopa akiomba Mungu. Wasipolisema hili mapema, litajisemea lenyewe usiku umeme wa LUKU ukikatika na kila mmoja akijifanya amelala.

Basi wakae na kuandika: nani anashika kodi na nani anaona risiti, umeme na maji vinagawanywaje, gunia lililotoka nyumbani ni la wote au la mwenyewe, mmoja akikwama, anamwambia nani, na ndani ya siku ngapi. Kuhusu wageni, waseme wazi kwamba hakuna mgeni wa kulala bila wote kuridhia, na mgeni wa jinsia nyingine asilale kabisa. Wazazi wetu huwausia hili mabinti kwa saa nzima, lakini mvulana huambiwa “jiangalie” na mazungumzo yameisha. Na ikiwa mwenzao ni Mwislamu anayeamka alfajiri kuswali, au ni wa AIC, wajue nyakati zake za sala na za kufunga, kama nao wanavyotaka wasipigiwe muziki wanaposali rozari.

Nanyi wazazi, nendeni mkaone. Zamani mlikuwa na kisingizio cha foleni ya kivuko pale Busisi. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilometa 3 juu ya maji, na gari likiisha kuvuka linapita Usagara na kuwashusha Nyegezi. Msimwone mtoto peke yake; wasalimuni wenzake kwa majina, chukueni namba za simu za wazazi wao, mwulizeni mwenye nyumba jumuiya ndogo ndogo ya mtaa ule inasali wapi.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, tutakaa na vijana wote wanaoondoka, pale chini ya mwembe. Tunaomba waje pamoja na wale watakaopanga nao, hata kama wenzao si wa parokia hii wala si Wakatoliki. Karatasi na kalamu zipo ofisini. Yule kijana wa kodi, ambaye sasa ni mwalimu, amekubali kuja kuzungumza nao, na tumewaalika pia wale wenzake wawili. Mmoja ameitikia.