Kwa Mkurugenzi wa Mashtaka: Kesi ya Ubakaji Isife kwa Kukosa PF3

Kwa Mkurugenzi wa Mashtaka,
Ofisi ya Taifa ya Mashtaka,
Dodoma.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: MALALAMIKO YA UBAKAJI WA MIAKA ILIYOPITA KUKATALIWA KWA KUKOSA USHAHIDI WA HOSPITALI

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea mkoani Morogoro. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni mirathi, ndoa na mipaka ya mashamba. Lakini wapo wanaokuja wakakaa pembeni mpaka wengine wote waondoke, ndipo wanaposema kilichowaleta. Wengi ni wanawake, na wapo vijana wa kiume pia. Walibakwa au kulawitiwa wakiwa wadogo, na aliyewatendea ni mtu wa nyumbani, wa shuleni au wa nyumba ya ibada. Imeshapita miaka mitano, kumi, pengine zaidi. Wanauliza kama bado wanaweza kushtaki.

Huwa nawajibu kwamba wanaweza, kwa sababu ndivyo sheria ilivyo. Nakuandikia kwa kuwa wakifika kaunta ya polisi huambiwa kinyume chake, na wewe ndiye mwenye mamlaka ya kulirekebisha hilo bila kusubiri Bunge litunge sheria mpya.

Tuanze na sheria yenyewe. Ubakaji ni kosa kubwa la jinai na halina ukomo wa muda wa kushtaki. Kanuni ya Adhabu, baada ya marekebisho yaliyoletwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inasema kwamba kuingiliwa hata kidogo kunatosha kuwa kosa, na kwamba si lazima pawepo majeraha mwilini ili ithibitike kuwa mwathirika hakuridhia. Marekebisho hayohayo yaligusa Sheria ya Ushahidi, katika kifungu tulichozoea kukitaja kama cha 127. Hapo mahakama iliruhusiwa kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, mradi hakimu aandike sababu za kuridhika kwake kwamba mwathirika anasema kweli.

Mahakama ya Rufani nayo ilikwenda mbali zaidi. Katika shauri la Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri, mwaka 2006, ilieleza kwamba ripoti ya daktari inaweza kusaidia kuonyesha kuwa tendo lilifanyika, lakini haithibitishi kwamba lilifanyika bila ridhaa, hata kama michubuko imeonekana. Ushahidi wa kweli wa ubakaji, ikasema, hutoka kwa aliyebakwa. Uamuzi huu mawakili wako wa serikali wanaunukuu mahakamani karibu kila siku. Huku chini tunakopeleka watu kuandikisha malalamiko, ni kana kwamba haujawahi kutolewa.

Mwaka jana nilimsindikiza dada mmoja kituoni. Alikuwa na miaka 24. Anayemtuhumu ni ndugu wa baba yake, aliyekuwa akiishi nao alipokuwa darasa la sita. Askari aliyetupokea hakuwa mkali. Alimsikiliza kwa dakika chache, akafunga kitabu, akauliza, "PF3 yako iko wapi?" Dada akasema hana. Akaambiwa, "Sasa dada yangu, jambo la miaka yote hiyo, daktari atapima nini? Nendeni mkakae kama familia." Hakupewa namba ya RB, ile inayothibitisha kwamba taarifa imeandikishwa, na jalada halikufunguliwa. Tulitoka pale bila hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba alifika.

Mheshimiwa, PF3 hutolewa na polisi. Ndiyo fomu ambayo askari humkabidhi mlalamikaji aende nayo hospitali, kwa hiyo kumtaka mlalamikaji aje nayo ni kumdai kitu ambacho kituo hakijampa. Na katika malalamiko ya zamani, askari yule alisema kweli kuhusu jambo moja: daktari hana cha kupima. Mbegu za kiume hazikai mwilini miaka, michubuko hupona, na hali ya kizinda haimwambii mtaalamu kilichotokea. Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitamka mwaka 2018 kwamba upimaji wa bikira hauna msingi wa kisayansi na ukomeshwe. Kwa hiyo fomu ile, hata ikijazwa, itasema kidogo sana. Ilitosha basi aseme kwamba daktari hatatusaidia hapa, kisha ageukie maswali mengine ambayo mpelelezi yeyote angeyauliza kama kosa lingekuwa la wizi au la mauaji ya zamani.

Maswali hayo yalikuwa na majibu. Dada yule alikuja na kadi yake ya kliniki, imechakaa na kuungwa kwa gundi ya karatasi, lakini tarehe ya kuzaliwa inasomeka. Kadi hiyo ina uzito zaidi kuliko PF3, kwa sababu kwa mtoto wa umri ule ridhaa haihesabiki kabisa. Kinachotakiwa kuthibitishwa ni umri, tendo, na nani alitenda. Aliwahi kumwambia bibi mmoja jirani siku chache baada ya tukio la kwanza, na bibi huyo yupo hai. Shule aliyosoma ina daftari la mahudhurio, na anakumbuka muhula ambao aliacha kwenda darasani. Ana binamu aliyeishi nyumba ileile, ambaye hajawahi kuulizwa chochote na mtu yeyote. Na kwenye simu yake ana meseji ambayo mtuhumiwa alimtumia baada ya kusikia kwamba amemweleza mama yake: "Mwanangu nisamehe, yaliyopita si ndwele, nimekutumia kitu kidogo." Chini yake upo ujumbe wa muamala wa fedha, wenye jina, kiasi na saa.

Sisemi kwamba hayo yote yanamtia mtu hatiani. Pengine mtuhumiwa ana maelezo yake kuhusu meseji ile, na ni haki yake kuyatoa. Ninachosema ni kwamba huo ni ushahidi, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeshafungua mlango wa meseji kupokelewa mahakamani. Aliyeambiwa hana ushahidi alikuwa ameushika mkononi, ndani ya mfuko wa plastiki, na hakuna aliyemwomba aufungue. Na ushahidi wa aina hii hausubiri. Simu huharibika, laini hufungwa, madaftari ya shule huliwa na mchwa. Bibi yule ni mtu mzima sana. Kila mwezi jalada linapokosa kufunguliwa, kesi inazidi kudhoofika, halafu udhaifu huo huja kutumiwa kama sababu ya kutoifungua.

Najua hoja ya pili inayotolewa, na ina msingi: kwa nini amekaa kimya miaka yote? Mahakama ya Rufani, katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, ilieleza kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni kipimo kikubwa cha kuaminika kwake, na kwamba ucheleweshaji usio na maelezo uifanye mahakama makini ijiulize. Naomba tusiyaruke maneno "usio na maelezo". Mahakama haikusema kwamba aliyechelewa anasema uongo. Ilitaka maelezo yapatikane. Binti wa darasa la sita anayelishwa na kulipiwa mahitaji ya shule na mtu anayemtendea ubaya ana maelezo. Kijana aliyelawitiwa na mtu anayeheshimiwa na mtaa mzima, akijua kwamba akisema yeye ndiye atakayepewa jina baya, ana maelezo. Wengi niliowasikiliza waliwahi kusema mapema, tena kwa mtu wa karibu kabisa, wakaambiwa wanyamaze ili baba asifungwe, ili dada mkubwa aolewe kwanza, ili ukoo usiaibike. Kunyamazishwa huko nako kuna mashahidi. Kuna shangazi aliyeitisha kikao, kuna mzee aliyepokea faini ya mbuzi. Wakiulizwa, wengine watasema.

Hapa ndipo maelezo ya kwanza ya mlalamikaji yanapobeba kesi nzima. Yakiandikwa harakaharaka kaunta, mbele ya watu wanaosubiri dhamana za ndugu zao, mlalamikaji atasema nusu. Miezi baadaye atasimama kizimbani aseme yote, na wakili wa utetezi, akifanya kazi yake halali, atamdodosa kuhusu tofauti kati ya karatasi na kinywa. Kesi isiyo na ushahidi wa hospitali inasimama juu ya uaminifu wa mtu mmoja, na uaminifu huo unaweza kuharibiwa na askari aliyekuwa na haraka. Tunayo Madawati ya Jinsia na Watoto, na kwenye baadhi ya hospitali kuna Vituo vya Mkono kwa Mkono. Nimewahi kuona askari wa dawati akimpa mlalamikaji maji, akafunga mlango na kuandika kwa saa mbili bila kumkatisha. Inawezekana, pale ambapo kuna chumba na mtu aliyefundishwa.

Kuhusu wanaotuhumiwa, naandika bila kusitasita. Adhabu ya ubakaji si chini ya miaka 30, na kwa mtoto wa chini ya miaka kumi ni kifungo cha maisha. Mtu asitiwe ndani miaka hiyo kwa neno lisilopimwa. Mahakama ya Rufani yenyewe, katika shauri la Mohamed Said dhidi ya Jamhuri, ilionya kwamba kanuni ya Makumba isichukuliwe kama msahafu. Maneno ya mwathirika lazima yapite kwenye kipimo cha ukweli. Nakubaliana nayo kwa moyo wote. Ila kupima kunahitaji kitu cha kupimia, na kitu hicho hupatikana kwa upelelezi. Aliyesingiziwa ananufaika na upelelezi kuliko mtu mwingine yeyote: unaweza kuonyesha kwamba mwaka huo alikuwa anafanya kazi mkoa mwingine, au kwamba nyumba inayotajwa ilikuwa haijajengwa. Jalada lisipofunguliwa, mwenye hatia anabaki salama na asiye na hatia anabaki na uvumi wa mtaani usiokwisha.

Jirani zetu Kenya wameshayapitia haya. Mahakama yao ya Rufani ilikwisha kusema, katika shauri la Kassim Ali mwaka 2006, kwamba kukosekana kwa uchunguzi wa daktari hakuamui kesi, kwani ubakaji unaweza kuthibitishwa kwa maneno ya mwathirika au kwa ushahidi wa mazingira. Na Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba serikali iliwakosea baadhi ya walionajisiwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 kwa kushindwa kuchunguza malalamiko yao, na ikaamuru wanne walipwe shilingi milioni nne za Kenya kila mmoja. Serikali ilibebeshwa gharama ya upelelezi ambao haikuufanya. Nisingependa tufike huko.

Mheshimiwa Mkurugenzi, Katiba, katika ibara ya 59B, imekukabidhi usimamizi wa mashtaka yote ya jinai, na Sheria ya Usimamizi wa Mashtaka ya mwaka 2008 inakuruhusu kuelekeza vyombo vya upelelezi vichunguze taarifa ya jinai na kukuletea matokeo. Kwa mamlaka hayo naomba utoe waraka mmoja, kwa Kiswahili, ubandikwe kila kituo, wenye mambo haya:

1. Hakuna lalamiko la ubakaji, ulawiti au shambulio la aibu litakalokataliwa kwa sababu ya muda uliopita au kukosekana kwa PF3. Mlalamikaji apewe namba ya RB siku hiyohiyo, na jalada lifunguliwe.

2. Maelezo ya mlalamikaji yachukuliwe faraghani na askari wa Dawati la Jinsia, na sababu za kuchelewa kutoa taarifa ziulizwe na kuandikwa kwa ukamilifu humo humo.

3. Iwepo orodha ya upelelezi wa makosa ya zamani: uthibitisho wa umri, watu walioambiwa mapema, kumbukumbu za shule na zahanati, walioishi nyumba hiyo, meseji na miamala, na walalamikaji wengine dhidi ya mtu huyohuyo.

4. Askari asimalize kesi hizi kwa suluhu ya kifamilia. Uamuzi wa kutoshtaki utolewe na wakili wa serikali baada ya kusoma jalada, kwa maandishi na kwa sababu, na mlalamikaji aelezwe jinsi ya kuomba upitiwe upya.

5. Mlalamikaji aambiwe mapema kwamba sheria inataka ushahidi wa kesi hizi usikilizwe faragha. Wengi wanarudi nyumbani kwa hofu ya kusimulia mbele ya mtaa mzima, na hakuna aliyewaambia kwamba haitakuwa hivyo.

6. Ofisi yako itangaze kila mwaka malalamiko ya aina hii yaliyopokelewa, yaliyofikishwa mahakamani na yaliyofungwa, pamoja na sababu za kufungwa.

Sitarajii kwamba kila jalada litaishia kwa hukumu. Baadhi yatafungwa kwa haki, na nimewaeleza hivyo wale ninaowasaidia. Dada niliyemtaja aliniambia kwamba anaweza kuvumilia kushindwa mahakamani. Hawezi kuvumilia kuambiwa hakuna cha kuandika. Tumekubaliana kurudi kituoni, tukiwa na nakala ya uamuzi wa Makumba na barua hii. Ingetusaidia sana tukienda na waraka wako pia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Msaidizi wa Kisheria wa kujitolea,
Morogoro.

Nakala: Inspekta Jenerali wa Polisi.