Kisiwa Kina Wenyewe

Hadithi hii unaijua. Wamishenari wawili, mke na mume, wamepata siku ya mapumziko. Wanavuka kutoka Shimoni, wanazunguka kisiwa cha Wasini kwa miguu, na jioni wanaandika kwamba wameona paradiso ambayo haijaguswa.

Haijaguswa na nani, bana? Vile vijia walivyopita vimetokana na nyayo za wenyeji. Daraja la mbao kwenye bustani ya matumbawe linasimamiwa na akina mama wa Wasini. Kwa miaka mingi watu wa pale wameishi kwa maji ya mvua waliyoyakinga wenyewe.

Krapf, aliyefika Mombasa 1844, hakuwa malaika. Alikuja kutubadili dini. Lakini angalau aliketi na watu akawauliza: hiki mnakiitaje? Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Na sisi wa Nairobi tusicheke sana. Tunashuka kwenye treni, tunajipiga picha, tunaandika "nimegundua". Umegundua nyumbani kwa mtu?

Ukienda, piga hodi. Uliza jina la mahali, na jina la aliyekuvusha.