Mamba aliyesahaulika kwenye fulana

Leo naweka programu kando niongee juu ya fulana.

Mwaka 2018 kampuni ya Lacoste ya Ufaransa ilimtoa mamba wake kifuani, na mahali pake ikaweka wanyama 10 walio karibu kutoweka, kila mmoja kwenye fulana zake. Idadi ya fulana ililingana na makadirio ya wanyama waliobaki porini: vakita, mnyama wa bahari ya Meksiko anayefanana na pomboo, fulana 30, kifaru wa Java 67, simbamarara wa Sumatra 350. Jumla 1,775.

Mimi mwandishi wa programu naipenda hesabu hiyo. Tarakimu ambayo ungeipita tu kwenye jedwali, hapa unaivaa.

Lakini nina lalamiko. Kati ya wale 10 hamkuwa na mamba hata mmoja! Mnyama aliyeipa kampuni sura tangu 1933 aliachwa nje, ilhali gariali, mamba wa India na Nepal mwenye pua ndefu nyembamba, yuko hatarini kabisa. Mamba wa Ufilipino vilevile.

Sisi huona mamba tele Mto Mara, tukadhani wote wako salama. Mchoro wa "mamba" tu huikuza dhana hiyo. Basi wachoraji, mkichora gariali dume, msisahau nundu ya puani iliyo kama chungu. Kisha andikeni jina lake. Anayeivaa fulana ataulizwa, naye atakuwa na jibu.

Nyinyi mwaonaje?