Chaneli Imetolewa, Bei Imebaki Pale Pale: Hivi Ndivyo Unadai Chapaa Yako

Unajua ile simu ya mathe ya saa mbili usiku? Ile haianzi na salamu.

"Wewe, kwani hujalipa hii TV?"

Nilikuwa nimelipa. Siku tisa tu zilikuwa zimepita. Dekoda ilikuwa fiti, mvua haikuwa imenyesha, dishi lilikuwa limekaa sawa. Shida ilikuwa moja: chaneli yake ya tamthilia, ile anaiwekea chai kando, ilikuwa imetolewa. Nikapiga kastoma kea wa hiyo kampuni, sitaitaja. Dada wa watu akanijibu kwa upole kabisa: "Chaneli hiyo haipo tena kwenye kifurushi chako, lakini tumekuongezea nyingine mpya."

Hiyo mpya ilikuwa ya mapishi. Kwa Kihispania.

Nikamuuliza swali moja tu: "Na zile siku 21 nilizolipia chaneli ambayo haipo?" Kimya. Halafu akaniomba ningoje kidogo, nikachezewa muziki dakika kumi.

Kama una dekoda kwa keja, ama wewe ndio unalipia wazazi ile ya ushago, hii maneno itakufikia siku moja. Na swali litakuwa lilelile: chaneli ikienda, doh yako inaenda wapi?

Wenzetu walirudishiwa, lakini walibonyeza

Ukiwa na cuz anaishi Marekani, kuna uwezekano anatumia YouTube TV, ile huduma ya kulipia TV kupitia intaneti. Bei yake tangu Januari 2025 ni dola 82.99 kwa mwezi. Ukipiga dola kwa 129, hiyo ni kama KSh 10,700.

Usiku wa Oktoba 30, 2025, zaidi ya chaneli 20 za Disney zilipotea humo. ESPN ikaenda. ABC ikaenda. Sababu ni ile ya kila siku: Disney inataka ilipwe kiasi fulani kwa kila mteja, Google, mwenye YouTube TV, anasema hiyo bei imezidi. Mkataba ukaisha kabla ya kuelewana, chaneli zikazimwa. Ilikuwa katikati ya msimu wa boli yao. Novemba 4 pia ilikuwa siku ya kura New York, ile kura Zohran Mamdani, kijana aliyezaliwa Kampala, alishinda umeya. ABC bado haikuwepo kwa YouTube TV.

Sasa skiza hapa. Google ilikuwa imesema mapema kwamba chaneli zikikosekana kwa muda mrefu, kila mteja atapunguziwa dola 20 kwenye bili. Hiyo ni karibu robo ya bili ya mwezi. Novemba ilipoingia ndani na chaneli bado hazijarudi, ahadi ikatimizwa. Lakini kulikuwa na kajambo: pesa haikuingia yenyewe. Ilibidi mteja aingie kwenye akaunti yake abonyeze kuidai. Mwenye alilala, alilipa bili nzima. Chaneli zilirudi Novemba 14, baada ya wiki mbili.

Usidhani ni roho safi

Hapo ndio wengi huchanganyikiwa. Wanaona Mmarekani amerudishiwa wanasema, "Ah, huko kuna sheria." Kwa hii stori, si hivyo.

Januari 2024, tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitoa pendekezo kwamba kampuni za kebo na setilaiti zilazimishwe kurudishia wateja pesa chaneli zikizimwa sababu ya vita vya mikataba. Lilikuwa pendekezo. Zile dola 20 hazikutoka kwa amri ya mtu. Zilitoka juu kampuni iliogopa wateja wahame.

Na ilikuwa na sababu ya kuogopa. Septemba 2023, Disney na Charter, wenye Spectrum, walivutana hadi karibu wateja milioni 15 wakakosa ESPN na ABC kwa siku kama 11. Septemba 2024, ikawa zamu ya DirecTV, zaidi ya wateja milioni 11, karibu wiki mbili. Umeona mpangilio? Mara zote ni msimu wa boli ukianza. Chaneli inazimwa wakati inauma zaidi, ndio wewe upige kelele, ndio mmoja wao alegeze.

Kwa lugha ya mtaa, wewe ndio silaha. Wanapigana kwa kutumia hasira yako na pesa yako. Ukijua hivyo, unaanza kuona kwamba hasira yako iko na bei. Swali ni kama utaiuza ama utaitoa bure kwa kupiga kelele pale sebuleni.

Kwetu mchezo ni tofauti

Sisi hatuna bili ya mwisho wa mwezi. Kenya TV ya kulipia ni kama tokeni za stima: unatuma M-Pesa kwanza, unatazama baadaye. Mmarekani anaweza kukataa kulipa. Wewe ushalipa. Doh iko kwao tayari, na ndio maana kastoma kea anaweza kukuchezea muziki.

Na hatujakosa visa. Februari 14, 2015, wakati wa kuhamia dijitali, Citizen, NTV, KTN na QTV zilitoweka kwa karibu wiki tatu. Wenye stesheni walikuwa wanabishana na mamlaka juu ya leseni na mitambo yao wenyewe ya kurusha matangazo, na pia juu ya dekoda za kulipia kubeba vipindi vyao bila ruhusa. Vita vilikuwa vya wakubwa. Mwenye alikuwa amenunua dekoda juzi ili asipitwe na habari ya saa moja hakuwa na kiti kwa hiyo meza.

Januari 2024 tena, SuperSport ilikuwa imesema haitaonyesha AFCON ya Ivory Coast. Watu wakapiga kelele bara zima. Siku chache tu kabla ya mechi ya kwanza, Januari 13, mkataba ukapatikana na mechi zote zikaonyeshwa. Fikiria kama ulikuwa umeshalipia mwezi kwa sababu ya AFCON kabla ya hilo tangazo la kwanza. Ungeomba nini? Na ungeomba kwa nani?

Na si kila wakati kampuni yako ndio mbaya. Machi 2022, chaneli ya Urusi, RT, ilitoka DStv baada ya vikwazo vya Ulaya kukata njia yake ya kusambazwa. Hapo kampuni haikuchagua. Lakini hata kama haikuchagua, bado kuna hesabu ya kufanya kuhusu kile ulicholipia.

Sheria inakupa nini

Kipengee cha 46 cha Katiba yetu kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari za kutosha kuhusu anachonunua, haki ya kulindwa kiuchumi, na haki ya fidia akipata hasara kutokana na kasoro za huduma. Halafu kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, inayokataza muuzaji kukudanganya kuhusu anachokuuzia. Sheria hiyo pia inasema kama mkataba una maneno yanayoweza kueleweka njia mbili, yaeleweke kwa faida ya mtumiaji.

Sasa tuambiane ukweli. Ukisoma yale masharti marefu ulikubali bila kusoma, kwa kawaida utapata mstari unaosema kampuni inaweza kubadilisha chaneli wakati wowote. Huo mstari ndio ngao yao. Kwa hivyo ukienda na hoja ya "mmetoa chaneli, nirudishieni pesa zote," utapigwa chini mapema. Dekoda bado inaonyesha chaneli zingine.

Hoja yenye nguvu ni hii: mliniuzia kifurushi hiki kwa kunitangazia chaneli hii, mkachukua pesa ya siku 30, mkaitoa katikati bila kunipa notisi ya maana. Nataka thamani ya siku zilizobaki. Hapo hubishi na haki yao ya kubadilisha chaneli za mwezi ujao. Unaongea kuhusu mwezi ulioshalipiwa.

Piga hesabu kabla ya kupiga simu

Watu wengi huharibu hapa. Wanasema "nimepata hasara," wakiulizwa ngapi, wanakwama. Enda na namba.

Tuseme kifurushi chako ni KSh 3,000 kwa siku 30. Hiyo ni soo moja kwa siku. Ulilipa Juni 1, chaneli ikatoka Juni 13. Umebaki na siku 18.

Usidai KSh 1,800 yote, hutapewa. Angalia kifurushi cha chini yake, chenye zile chaneli zingine unatazama lakini hakina hiyo iliyoondoka. Tuseme ni KSh 2,000. Tofauti ni thao moja kwa mwezi, yaani kama bob 33 kwa siku. Zidisha kwa siku 18 unapata KSh 600. Hiyo ndio thamani ya kitu kilichoondoka, na ni ngumu mtu kukubishia juu bei ni zao wenyewe.

KSh 600 kwa kifurushi cha soo moja kwa siku ni siku sita. Omba siku sita za kuongezewa. Kampuni ya kulipwa kabla inaona rahisi kuongeza siku kuliko kutoa pesa taslimu, kwa hivyo wape njia rahisi ya kusema ndio.

Halafu andika. Simu ni upepo. Tuma imeili ama ujumbe kwa akaunti yao rasmi, kitu kama hiki:

"Nililipa KSh 3,000 Juni 1 kwa namba ya dekoda hii. Chaneli hii, ambayo mliitangaza kwenye kifurushi, ilitoka Juni 13. Tofauti ya bei na kifurushi cha chini kwa siku 18 ni KSh 600. Naomba niongezewe siku sita au nirudishiwe kiasi hicho. Nipeni namba ya malalamiko na jibu kwa maandishi ndani ya siku saba."

Ambatanisha ujumbe wa M-Pesa, skrinshoti ya tangazo lao lenye hiyo chaneli, na picha ya TV ikionyesha haipo. Chukua hiyo skrinshoti ya tangazo mapema, juu matangazo hubadilishwa haraka kuliko bei.

Fanya hivi kabla mwezi uliolipia haujaisha. Ukingoja miezi mitatu, utaambiwa ulikuwa unalipa tu na hukulalamika.

Wakikuzungusha

Hatua ya kwanza lazima iwe kwao, ndio maana unataka namba ya malalamiko. Wakikataa ama wakinyamaza, peleka hiyo faili kwa Mamlaka ya Mawasiliano, CA, ambayo ndio inawapa leseni. Kama tatizo ni tangazo la uongo, Mamlaka ya Ushindani pia inapokea malalamiko ya watumiaji.

Iko pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi 2021. Inasikiza madai yasiyozidi KSh milioni moja, huhitaji wakili, na kesi inafaa kuisha ndani ya siku 60. Lakini kwa soo sita, nauli na siku ya kazi unayopoteza zinaweza kumeza hiyo pesa. Hiyo njia ina maana kama wewe ni mwenye kibanda cha boli umelipia kifurushi kikubwa, ama mkiwa wengi kwenye ploti kila mmoja na faili lake.

Na silaha kubwa kabisa hauhitaji hakimu kuitumia: ile siku ya kulipa tena. Mmarekani alipunguziwa juu angeweza kuondoka. Wewe pia unaweza kushuka kifurushi ama kukaa mwezi bila. Waambie hivyo kwenye ile imeili, na umaanishe. Kampuni inahesabu wanaolipa tena, haihesabu wanaolalamika sebuleni.

Mathe alipata wiki moja

Mimi niliandika imeili mbili. Ya kwanza ilijibiwa na mashine. Ya pili, yenye hesabu na ile risiti ya M-Pesa, ilijibiwa na mtu. Siku iliyofuata mathe aliongezewa siku saba. Hakuna aliyeniomba msamaha, na chaneli haikurudi. Mwezi uliofuata nikamshusha kifurushi, nikabaki na mia kadhaa mfukoni.

Nikampigia kumweleza nimeshinda. Akanyamaza kidogo.

"Sawa mwanangu, asante. Lakini sasa yule msichana aliolewa ama hakuolewa?"

Hiyo, buda, hakuna mamlaka inaweza kukurudishia. Lakini soo zako ni zako. Kabla hujatuma ile M-Pesa ya mwezi ujao, fungua orodha ya chaneli uangalie kama bado unanunua kile kitu ulikuwa unanunua.