Mlenda wa bibi ulivyonitoa ushamba

Mimi huku Singida nadunda, ila wiki hii nina kosa la kuungama, na hakimu ni wewe.

Ukimtajia mtu wa Dar es Salaam jina la Singida, atakwambia: kuku! Ni kweli, matenga ya kuku wetu wa kienyeji yamesafiri kwenda huko miaka nenda rudi. Lakini nikuibie siri. Sisi tuliolelewa na bibi, kazi yetu kwa kuku ilikuwa kumfukuza asile mtama ulioanikwa. Kumla mpaka aje mgeni wa heshima, na hapo mtoto unaambulia shingo na miguu. Wengine waliuzwa ili tupate madaftari. Chakula chenyewe kilikuwa ugali wa uwele au mtama kwa mlenda, na siku ya bahati maziwa mgando ya kwenye kibuyu.

Mvua ya kwetu ni ya msimu mmoja tu, kisha kiangazi kirefu. Basi bibi, kule Ikungi, mvua zikinyesha alitupeleka shambani kuchuma majani ya mlenda yanayojiotea yenyewe. Anayaanika juani, anayatwanga, anachekecha, unga anauweka chunguni. Kiangazi kikibana na mboga zote zimekauka, anachemsha maji, anatia magadi kidogo, nyanya kama ipo, anamwaga ule unga huku anakoroga, mwisho karanga za kusaga. Hakuna mafuta, hakuna mbwembwe. Unamega tonge, unachovya, unazungusha mkono kuukata ule uzi, unameza. Ukizubaa, wenzio wameshalamba bakuli!

Nikamaliza fomfoo, nikapata geto mjini, nikajiona mjanja. Chakula changu chipsi mayai. Mlenda nikauita gundi ili washikaji wacheke.

Siku moja washikaji wamejaa getoni, hodi! Bibi huyo, na kifurushi amekifunga kwenye pindo la khanga. "Mume wangu, nimekuletea mboga yako." Si unajua utani wa bibi zetu. Nikakipokea haraka, nikakisukumia uvunguni. Mshikaji mmoja akauliza, "Nini hiyo?" Nikamjibu, "Dawa ya kienyeji."

Bibi alisikia. Hakusema neno. Alikunywa chai, akaaga mapema kuwahi basi.

Msomaji, ile "dawa" ilinikaa rohoni. Msimu wa mvua uliopita nikafunga safari mpaka Ikungi. Bibi macho yamefifia, haendi tena kuchuma. Nikamwambia nitakwenda mimi. Nikaingia shambani kwa majidai, nikarudi na kapu limejaa. Akapapasa majani, akanusa, akatupa karibu nusu. "Haya wape mbuzi, mume wangu."

Nikanywea. Cheti ninacho, lakini mboga iliyonikuza siijui. Na anayoyajua bibi hakuna mtu nyumbani kwetu aliyeyaandika. Akiondoka, ndiyo basi tena.

Jumapili moja nikapika getoni. Magadi yakazidi, washikaji wakakunja nyuso. Nikawaambia ukweli: ile dawa ya siku ile ndiyo hii, na yule mzee ni bibi yangu mzaa baba, nilimwonea haya. Kicheko kikakata. Yule mwenye mikogo kuliko wote akasogeza sahani, akasema kwa sauti ndogo kwamba mama yake huko Kiomboi anaupika vizuri kuliko mimi. Miaka yote hiyo alikuwa anacheka na sisi!

Wewe je, bibi yako yupo? Tafuta nauli uende. Usimpelekee sukari tu na kugeuza, kaa naye jikoni, muulize majina ya majani, shika mwiko. Mimi nilishamwomba radhi wangu. Akasema radhi ameshatoa, bado magadi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.