Mfanyakazi Si Adui wa Kiwanda



Kuna kitabu kidogo cha Uchina, chenye sura 13, kinachosemekana kutungwa na jemadari Sun Tzu yapata miaka 2,500 iliyopita. Padre Amiot alikifasiri kwa Kifaransa, kikachapwa Paris mwaka 1772. Siku hizi wakuu wa makampuni wanakisoma ili wajifunze kushindana sokoni. Na wasome. Sisi tunampinga mkuu anayekisoma nusu, kisha akamfanya mfanyakazi kuwa ndiye adui.

Sun Tzu anafundisha kumjua adui na kujijua mwenyewe. Haya, tutazame michikichi yetu ya Rumonge. Mshindani wa mawese yetu ni mafuta ya mbali. Indonesia na Malaysia ndizo zinazoongoza duniani. Mkwezi aliye juu ya mchikichi ni askari wetu wa mbele.

Tena kitabu kinasema habari za kweli hazipatikani kwa ramli, bali kwa watu wanaojua. Nani anajua kama mkungu umeiva? Anayeukata. Nani anajua mikungu imelala siku ngapi kando ya njia ikingoja gari? Mpakiaji. Chikichi zikipondeka au zikichelewa kukamuliwa, mafuta huingia uchachu na thamani hushuka. Hasara hiyo haiponi kwa kumkata mshahara aliyevuna kwa wakati. Inapona gari likifika.

Kadhalika Sun Tzu anaonya kwamba vita virefu hukausha hazina, na anataka askari waliofanya vizuri watunzwe. Kiwanda chenye ugomvi wa mizani na malipo kila mwezi ni jeshi linalopigana lenyewe kwa lenyewe.

Na sisi je? Tujijue pia. Kila mmoja aandike katika daftari siku alizofanya kazi, mikungu aliyovuna na fedha alizopokea. Mwenye hesabu mkononi hapuuzwi kama mwenye kelele tupu. Tuchague na wakati: wavuvi wa ndagala wa ziwa letu hawahangaiki na taa mbalamwezi ikiwa kamili.

Kwa hiyo tunataka mambo mawili. Kabla ya mavuno makubwa, wakuu wakae na wajumbe wa wafanyakazi wapange magari na malipo. Na mizani ikaguliwe mbele ya pande zote mbili. Hapo ndipo tutakapoamini kwamba kitabu kimesomwa mpaka mwisho.