Seva Inaponyamaza: Bawabu wa Kanzidata na Soko la Dhahabu la Geita

Soko la madini la Geita lilifunguliwa mwezi Machi 2019, nalo lilikuwa la kwanza la aina yake nchini. Mchimbaji mdogo afikapo hapo hupimiwa dhahabu yake, hupatana bei na mnunuzi, kisha hukokotolewa mrabaha na ada ya ukaguzi, ambavyo kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2017 vilikuwa asilimia 6 na asilimia 1. Malipo ya Serikali hayapokelewi mkononi. Hutolewa ankara yenye namba ya malipo, na ankara hiyo hupatikana kwa kuwasiliana na kompyuta zilizo mamia ya kilomita kutoka sokoni.

Kompyuta hizo zikinyamaza, biashara husimama. Jua huelekea kuchwa, na mtu aliyetoka machimboni hana budi kurudi njiani na dhahabu mfukoni, au kumsikiliza mnunuzi wa uchochoroni asiyedai ankara. Masoko haya yalianzishwa ili kukomesha magendo. Kwa hiyo kila saa ya kimya humfaidi mlanguzi. Mwaka 1974 nchi hii ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Leo hakuna anayeuliza iwapo zitumike. Linalostahili kuulizwa ni namna zinavyoanguka.

Kanzidata muhimu aghalabu haiwekwi juu ya seva moja. Huwekwa seva mbili au zaidi zinazotumia hazina moja ya diski, ili moja ikianguka nyingine ziendelee. Mlangoni pa kila seva pana programu ndogo ambayo mafundi huiita msikilizaji. Kazi yake ni ya bawabu: hupokea wito, hutambua ni huduma ipi inayotakiwa, humkabidhi mgeni kwa mtumishi aliye ndani, kisha hurudi mlangoni. Kwa sababu hiyo, bawabu akianguka peke yake, waliokwisha kuingia hawadhuriki. Mazungumzo yao huendelea, na programu inayomlinda humwinua tena. Wanaopata taabu ni wale tu wanaobisha hodi wakati huo.

Jambo gumu ni seva nzima kutoweka. Wakazi wa Shinyanga wanaijua shida hii kwa sura nyingine. Sungusungu ilipoanza upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwano ulipigwa katika kijiji hiki ukapokelewa na kile, na asiyeitikia alitozwa faini. Lakini kijiji kisichoitikia hakikuwa lazima kimekaidi. Huenda nacho kimevamiwa. Huenda upepo umepeleka sauti kwingine. Kimya hakijieleze.

Seva nazo hupigiana mwano. Katika mfumo wa Oracle Real Application Clusters, uliotolewa mwaka 2001 na kuboreshwa baadaye, kila seva hutuma pigo kwa wenzake kila sekunde kupitia njia yao ya faragha. Kwa mpangilio wa kawaida wa matoleo ya baadaye, isiyosikika kwa sekunde 30 huhesabiwa kuwa imetoka. Hata hivyo, njia hiyo ikikatika, kila upande waweza kudhani kwamba mwenzake ndiye aliyekufa, na pande zote mbili zikaandika katika diski zile zile. Ndiyo maana huwekwa diski za kura, ambazo husaidia kuamua upande upi ubaki. Mwingine hulazimishwa kuanza upya. Hukumu hiyo ni kali, lakini daftari la fedha lenye waandishi wawili wasiosikizana ni balaa kubwa kuliko seva moja kupotea kwa dakika chache.

Ufundi wenye busara kuliko wote umo katika anwani. Kila seva hupewa anwani inayoweza kuhama, na seva ikianguka, anwani yake huchukuliwa na iliyo hai. Mtu angetarajia kwamba imehamishwa ili itoe huduma. La, imehamishwa ili ikatae! Huko ilikohamia hakuna bawabu anayeisikiliza, hivyo wito ukifika hurudishwa papo hapo kwa jibu kwamba mlango umefungwa. Programu ya mtumiaji hujaribu anwani ya pili, na pengine karani hajui hata kidogo lililotokea. Pasipo mpango huo, wito ungekwenda kwenye anwani isiyo na mtu. Na Linux, kwa mpangilio wake wa kawaida, huendelea kubisha kwa zaidi ya dakika 2 kabla ya kukata tamaa. Kukataa upesi, basi, ni sehemu ya huduma. Ofisi zinazoona haya kumwonyesha mwananchi maneno ya hitilafu, zikaona afadhali kioo kimzungukie bila jibu, zimelielewa jambo hili kinyume.

Hatari kubwa zaidi iko kwa aliyekwisha kuingia. Ameomba ankara, ombi limepokelewa, seva ikazimika kabla ya kujibu. Hana cha kutuma, anangoja tu. Uchunguzi wa mtandao uliokusudiwa kugundua hali hiyo, hata ukiwashwa, kwa mpangilio wa kawaida huanza baada ya saa 2. Dawa yake ni seva zilizo hai kutangaza mara moja kwamba mwenzao ameanguka, na programu za watumiaji kufundishwa kulisikia tangazo hilo na kuvunja mazungumzo yaliyokufa.

Wapo watakaosema muda wote wa kungoja ufupishwe. Hilo nalo lataka tahadhari. Kikomo cha sekunde chache kilichojaribiwa Dodoma, penye mtandao mzuri, chaweza kuihukumu kuwa maiti seva iliyo hai, kwa sababu tu njia ya kufika Geita imelemewa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na intaneti ikazorota nchini, seva nyingi za nje zilionekana kimya ilhali zenyewe zilikuwa zima kabisa. Kwa hiyo muda wa kungoja upimwe mwisho wa waya, mezani pa karani wa mbali, wala usiamuliwe katika chumba cha seva. Na kila ombi linalorudiwa libebe kumbukumbu ile ile ya kwanza, ili mchimbaji asipewe ankara mbili kwa dhahabu moja. Mfumo unaojua kujaribu tena lakini haujui kwamba umekwisha kufanya kazi hiyo ni hatari kuliko ule usiojaribu kabisa.

Kuhusu seva mbili zinazokaa chumba kimoja na kutegemea swichi moja ya umeme, hakuna haja ya maneno mengi.

Linalokosekana mara nyingi ni mazoezi. Kila baada ya miezi 3, katika saa za soko na kwa taarifa ya mapema, seva moja ikatwe umeme makusudi. Karani mmoja Geita na mwingine Kahama washike saa, waandike sekunde zilizopita hadi jibu la kwanza, liwe la kukubali au la kukataa, pamoja na idadi ya ankara zilizotoka mara mbili. Karatasi hiyo itiwe sahihi na kubandikwa ukutani mwa chumba cha seva.